Nani analipia sampuli ya gorila? Kisa cha Dk Gladys Kalema-Zikusoka na maabara ya Bwindi

Kila nikisikia dada kamaliza chuo, SUA au Makerere, anasema nataka nifungue maabara yangu binafsi ya mifugo, mi huwa nauliza kitu kimoja tu kabla hata hatujaongelea mashine wala fremu ya kupanga: nani atakulipa kwa kila sampuli inayoingia mlangoni? Siulizi nani atafaidika, nauliza nani atalipa, maana hivi ni vitu viwili na wengi wanavichanganya halafu mwaka wa pili maikroskopu inauzwa kwa bei ya kutupa. Mfugaji mwenye ng'ombe wanne anafaidika sana ukimwambia ng'ombe wake ana brusela, ugonjwa unaoweza kumpata mtu kwa maziwa mabichi, familia yake inayokunywa yale maziwa inafaidika, kijiji kizima kinafaidika, ila ukimwambia toa hela ya kipimo anakwambia ngoja kwanza nimpige sindano nione. Sindano anainunua duka la dawa za mifugo pale senta, kipimo hakioni.

Kisa kinachoonyesha hili jambo vizuri kuliko vyote ninavyovijua ni cha Dk Gladys Kalema-Zikusoka wa Uganda, kwa sababu yeye alichagua mgonjwa ambaye hana hela kabisa, hana mwenye mali wa kumdai, na hata damu hakupi kirahisi. Gorila wa milimani. Ukiweza kuendesha maabara ya gorila miaka zaidi ya ishirini, mimi nakaa chini nakusikiliza hata kama unachouza mwisho wa siku sio vipimo.

Kwanza tumjue. Kazaliwa Kampala 1970, mtoto wa mwisho wa William Kalema aliyekuwa waziri kwenye serikali ya Obote, na baba yake alitekwa na kuuawa mwanzoni mwa 1972 wakati wa Amin, Gladys akiwa bado mdogo hata kumbukumbu hana. Mama yake, Rhoda Kalema, akawa mwanasiasa anayejulikana, kati ya wanawake wa mwanzo kuingia bungeni Uganda. Akiwa sekondari Kibuli alifufua klabu ya wanyamapori ya shule, halafu akaenda kusoma udaktari wa wanyama Royal Veterinary College, London, akamaliza 1995. Hapa tusidanganyane, sio kila binti anayetaka maabara ana mama mbunge na digrii ya London, na ukisoma visa vya akina mama waliofanikiwa hiki kipande huwa kinarukwa haraka haraka. Mi nakitaja sababu kinaeleza milango ya mwanzo ilivyofunguka, ila hakielezi miaka ishirini iliyofuata, hiyo alilima mwenyewe.

Mwaka 1996 akaajiriwa kuwa daktari wa kwanza wa wanyamapori wa serikali ya Uganda, ana miaka 25. Kuwa wa kwanza kunasikika vizuri kwenye hotuba, kazini ni balaa, maana hakuna idara, hakuna stoo ya dawa, hakuna faili la aliyekutangulia, na askari wa hifadhi waliokaa porini miaka mingi wanaangalia kabinti katokea Ulaya kanataka kuwafundisha kuhusu wanyama wao.

Mwaka huohuo likatokea tukio ambalo kwangu ndio kiini cha kisa chote. Kule Bwindi, hifadhi ya msitu iliyo kusini magharibi mwa Uganda mpakani na Kongo, kundi moja la gorila linaloitwa Katendegyere likaanza kunyonyoka manyoya, ngozi nyeupe, wanajikuna muda wote, mtoto ndio kazidiwa. Hakukuwa na kitabu cha kufungua kikuambie gorila wa Bwindi wakinyonyoka ni kitu gani. Mwenyewe ameshaeleza mara nyingi kwamba kabla hajaondoka Kampala alimfuata rafiki yake daktari wa binadamu akamuuliza, ugonjwa gani wa ngozi unaowasumbua sana watu vijijini, akaambiwa upele, ule wa utitiri. Akafika, wakakwangua ngozi, ikawa kweli upele. Wakawapa ivermectin, dawa ambayo mfugaji yeyote wa ng'ombe anaijua, wakubwa wakapona, yule mtoto akafa.

Sasa swali likaja, utitiri umetoka wapi? Maelezo yaliyoonekana kuwa na mashiko ni kwamba gorila walikuwa wanatoka msituni wanaingia mashambani kula migomba, na mashambani kuna zile sanamu za kutishia wanyama zilizovalishwa nguo chakavu za watu, watu ambao maji ni shida, sabuni ni shida, zahanati iko mbali. Nguo chafu ya mwanadamu maskini inamuua mnyama ambaye nchi nzima inamtegemea kwa dola za watalii. Ukiangalia kwa jicho la kitabibu tu utasema kazi imeisha, tumetibu, tuandike ripoti. Yeye akaona kwamba kumpima gorila peke yake ni kazi bure, kama hupimi na ng'ombe na mbuzi wa jirani, na kama binadamu wa jirani hajulikani afya yake, utakuwa unatibu kila mwaka ugonjwa uleule. Na kweli 2000 upele ukarudi tena, kundi lingine la palepale Bwindi.

Kwa lugha ya biashara tungesema alipata soko, ila ni soko la ajabu, lina mahitaji makubwa na halina hata mnunuzi mmoja.

Akaenda Marekani, North Carolina, kuanzia 2000 hadi 2003, akasomea ubingwa wa tiba ya wanyamapori na masters juu. Aliporudi hakurudi kwenye ajira. 2003 akaanzisha shirika linaitwa Conservation Through Public Health, CTPH kwa kifupi, yeye na mume wake Lawrence Zikusoka ambaye ni mtu wa mambo ya mawasiliano na teknolojia, pamoja na Stephen Rubanga ambaye ni fundi wa maabara na tiba ya wanyama. Naomba tusimame hapo kwenye jina la tatu. Kila habari utakayosoma inamtaja daktari, na ni haki yake, ila yeyote aliyewahi kukaa benchi la maabara anajua kwamba maabara ni fundi. Daktari akisafiri kwenda kuomba hela Geneva, sampuli za leo nani anazisoma? Ukianzisha maabara yako na huna mtu wa aina hiyo toka siku ya kwanza, mtu anayejua kazi na ana sehemu yake kwenye jambo lenyewe, jua wewe umejiajiri tu, hujaanzisha kitu. Yeye aliwaweka watatu mezani toka mwanzo, mmoja wa sayansi na kutafuta hela, mmoja wa mifumo, mmoja wa sampuli, na kuna watu wameungana marafiki watano wote madaktari halafu hakuna anayetaka kufua vioo.

Miaka miwili baadaye, 2005, wakawa na maabara ndogo ya uwanjani palepale Buhoma, mlangoni mwa hifadhi. Kwa nini pale na sio Kampala? Bwindi hadi Kampala ni safari ya kutwa nzima, barabara yenyewe kuna msimu ni tope. Kinyesi ukikiacha kwenye joto siku mbili, mayai ya minyoo mengine yanaanguliwa, mabuu yanatembea, unachosoma sio tena kile mnyama alichotoa. Unaweza kuhifadhi kwa fomalini na ukapeleka mbali, lakini kuna vitu fomalini inaua ambavyo ulikuwa unavitaka hai. Kwa hiyo maabara kumfuata mgonjwa ni uamuzi wa kitaalamu kabla hata haujawa wa gharama.

Na jinsi sampuli zinavyopatikana ndio napenda kuliko yote. Gorila kila jioni anajenga kiota kipya cha kulalia, kila mmoja chake, mtoto analala na mama. Asubuhi wakiondoka wanaacha kinyesi palepale kwenye kiota. Wafuatiliaji wa hifadhi wanakuja, wanahesabu viota, wanachota kiota kwa kiota, na kwa ukubwa wa kinyesi wanajua hiki ni cha dume kubwa, hiki cha jike, hiki cha mtoto. Hakuna bunduki ya usingizi, hakuna kumgusa mnyama, hakuna hatari ya dume kukukimbiza. Sampuli ikifika benchini unachanganya na maji ya chumvi iliyokolea, mayai ya minyoo yanaelea juu, unayavuta kwa kioo unahesabu, na kwa yale mazito kama ya minyoo bapa unaacha yatuame chini. Vifaa vyake ni maikroskopu nzuri, vioo, chumvi, chujio, mikono inayojua na macho yasiyochoka. Halafu unachukua kinyesi cha ng'ombe na mbuzi wa kijiji kinachopakana unafanya hivyohivyo unalinganisha, na upande wa watu unashirikiana na zahanati kwenye kifua kikuu, kuharisha na minyoo.

Hii naisema kwa kuwaonea huruma wale wanaoanza biashara kwa kukopa mashine kubwa ya kupima damu. Kampuni kubwa za vipimo duniani, kama IDEXX ya Marekani iliyoanza 1983, zinajua kabisa kwamba faida haipo kwenye kukuuzia mashine, ipo kwenye riejenti, yaani kemikali za kupimia, utakazonunua maisha yako yote, na riejenti zikishaisha muda hazijali kama wateja walikuja au hawakuja. Maabara ya Buhoma ilianza na vipimo ambavyo gharama yake ni muda wa mtu, sio kopo la kemikali linaloexpaya. Kama wateja hawajulikani idadi, anza na vya namna hiyo.

Tuje kwenye neno huru, maana wengi wanaotaka maabara binafsi husema wanataka iwe huru. Watu wakisema maabara huru wanafikiria tu haina bosi serikalini. Pale Bwindi gorila ni mali ya umma chini ya mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, UWA, huwezi kuingia ukachota hata kinyesi bila makubaliano nao, na utafiti una vibali vyake vya baraza la sayansi la taifa. Kwenye matibabu kuna Gorilla Doctors ambao shughuli yao ilianza Rwanda mwaka 1986 na wanafanya kazi Rwanda, Uganda na Kongo, wana madaktari na dawa za usingizi. Angetaka kushindana nao kwenye kutibu nadhani angechoka mapema. Akakaa kwenye sehemu ambayo haikuwa na mtu, kuonya mapema na kuunganisha afya ya mnyama na afya ya kijiji. Kwa hiyo uhuru wake haukuwa wa kutomtegemea mtu, anategemea UWA kwa kibali na wafuatiliaji. Uhuru wake uko kwenye kusema matokeo ambayo hayampendezi mtu.

Mfano upo. Sheria ya kutembelea gorila ilikuwa ukae umbali wa mita 7. Watafiti, yeye akiwa mmoja wa waandishi, walifuatilia ziara 53 pale Bwindi wakakuta karibu zote sheria imevunjwa, na umbali wa wastani ulikuwa chini ya mita 3. Sasa fikiria hii ripoti inatoka kwenye eneo ambalo kila mtu, kuanzia hoteli hadi muuza vinyago, anaishi kwa mtalii aliyelipa mamia ya dola kwa kibali cha saa moja, mwaka 2024 kibali cha mgeni Uganda kilikuwa dola 800, na huyo mtalii anataka picha ya karibu. Maabara inayolipwa na waendesha utalii ingeandika hiyo ripoti? Mi siamini. Baadaye ilipokuja korona umbali ukapandishwa hadi mita 10 na barakoa ikawa lazima, na hao waliokuwa wanaongea habari ya mita toka zamani ndio walikuwa na data mkononi.

Haya sasa, hela. Mapato ya vibali yanaingia UWA, na kuna sehemu inayorudi kwa vijiji, ila hayaji kwenye benchi la maabara. Kwa hiyo miaka zaidi ya kumi ya mwanzo CTPH iliishi kama mashirika yote yanavyoishi, kwa wafadhili. Walijisajili Uganda na pia Marekani ili mtu wa kule aweze kuchangia, jambo dogo la karatasi ambalo wengi hawalifanyi halafu wanashangaa kwa nini hela haziji. Tuzo nazo zilisaidia, 2009 alipata Whitley Gold, tuzo ya uhifadhi ya Uingereza, na 2021 shirika la mazingira la umoja wa mataifa likamtaja kuwa mmoja wa mabingwa wake wa mazingira. Ila hela ya mfadhili ina tabia yake, inakuja na jina la mradi, mwaka huu ni uzazi wa mpango, mwaka kesho ni kifua kikuu, mwaka unaofuata ni mabadiliko ya tabianchi, na hakuna mfadhili anayeamka asubuhi akasema natamani nilipie mshahara wa fundi wa maabara na umeme wa friji kwa miaka kumi. Kila aliyewahi kusimamia mradi anajua hii, mashine inanunuliwa mpya na stika ya mfadhili, miaka mitatu mradi umeisha, mashine ipo, balbu yake imeungua, hakuna bajeti ya balbu.

2015 ndipo akafanya kitu ambacho mi nakiona ndio uamuzi wa kibiashara hasa. Akaanzisha Gorilla Conservation Coffee. Kuizunguka Bwindi kuna wakulima wa kahawa aina ya arabika, mwinuko mzuri, kahawa nzuri, lakini wanauza kwa walanguzi kwa bei ya kukata tamaa, na mtu aliyekata tamaa na msitu uko nyuma ya nyumba anaingia kutafuta kuni na nyama. Kampuni ikaanza kununua kwa wakulima hao kwa kuongeza nusu dola kwa kilo juu ya bei ya soko, inawafundisha kuchuma iliyoiva tu na kuisindika vizuri, inakaanga na kufungasha na kuuza kwa watalii, kwenye mahoteli, na nje ya nchi, halafu sehemu ya kila kilo inayouzwa inaenda kwenye kazi za CTPH. Kahawa ya kwanza iliitwa Kanyonyi, jina la dume kiongozi wa kundi la Mubare, kundi la kwanza kabisa kufunguliwa kwa utalii Bwindi mwaka 1993.

Ona ujanja uliopo hapo. Mtalii katoka msituni, kamuona gorila, moyo umejaa, anataka kutoa kitu, ila huwezi kumuuzia kipimo cha minyoo ya gorila. Unamuuzia pakiti ya kahawa ambayo angenunua tu. Yule asiyeweza kulipa, gorila, analipiwa na asiyejua kama analipia maabara, na mkulima katikati anapata hela inayompunguzia sababu ya kuingia msituni, maana yake mgusano unapungua na magonjwa yanayofika benchini yanapungua. Bidhaa inalipia kipimo na wakati huohuo inapunguza tatizo lililofanya kipimo kihitajike. Ni nadra sana kukuta biashara imekaa hivi.

Ila nisiipambe kupita kiasi. Kahawa ni biashara ngumu kuliko maabara, ina bei ya dunia, ina mvua, ina usafirishaji, ina mtaji wa kununua mavuno yote kwa mpigo wakati hela ya mauzo inakuja miezi mingi baadaye. Daktari wa wanyama hafundishwi hayo popote. Na pia wateja wake wakubwa ni walewale watalii, yaani alijenga mguu wa pili lakini miguu yote miwili imekanyaga udongo mmoja. Machi 2020 ikaja, mipaka ikafungwa, watalii sifuri, wanaonunua kibali sifuri, wanaonunua kahawa hotelini sifuri. Juni mosi mwaka huo Rafiki, dume kiongozi wa kundi la Nkuringo, akauawa kwa mkuki na mwindaji aliyekuwa anatafuta wanyama wadogo tu wa kula msituni, na mwindaji huyo akafungwa miaka 11. Njaa ilikuwa imerudi. CTPH wakaja na mpango wa kugawa mbegu za mazao yanayokomaa haraka kwa kaya zinazopakana na msitu, na kahawa ikategemea wanunuzi wa nje ya nchi. Kwa hiyo ukiniuliza kama kahawa imeondoa kabisa utegemezi wa wafadhili nitakwambia hapana, wafadhili bado wapo, ila kuna tofauti kubwa kati ya kumkabili mfadhili ukiwa na chanzo chako na kumkabili ukiwa mikono mitupu.

Kuhusu yeye kuwa mwanamke, nimeona watu wanaandika kana kwamba ilikuwa ni ujasiri tu. Kuna mambo ya vitendo. La kwanza ni kwamba kijijini mazungumzo ya afya ya nyumba, kuharisha kwa watoto, usafi, idadi ya watoto, yanafanywa na wanawake, na daktari mwanaume wa wanyama angekaa nje ya hiyo jiko. Toka 2007 walijenga timu za kujitolea za vijiji, wanatembea nyumba kwa nyumba wakiongea uzazi wa mpango, kunawa mikono, dalili za kifua kikuu, na papo hapo wanaongelea gorila akiingia shambani ufanye nini. Hao wa kujitolea hawakulipwa mshahara, timu zilipewa mifugo ya kikundi na wakaweka akiba za vikoba, ndio maana mradi mmoja ulipoisha hawakusambaa. Hii ni akili ya mtu anayejua kikundi cha akina mama kinaishi kwa nini. La pili halisemwi sana, kuanzisha shirika na mume wako ni faida na ni hatari. Faida ni kwamba mtu wa nyumbani anajua kwa nini uko porini wiki mbili, hakuna kesi. Hatari kila mtu anaijua, hesabu za nyumbani na za ofisi zinaanza kulala kitanda kimoja, na bodi isiyo na meno itawaachia. Wanaotaka kuiga hii njia waige na kuweka bodi ya watu wa nje wanaoweza kuuliza maswali.

Na matokeo? Gorila wa Bwindi miaka ya 1990 walikadiriwa kama 300, sensa ya 2018 ikatoa 459, na duniani kote gorila wa milimani wakafika 1,063, na mwaka huohuo wa 2018 walikuwa wametolewa kwenye daraja la walio hatarini zaidi kabisa. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema ni kazi ya maabara moja, kuna askari, kuna madaktari wa Gorilla Doctors, kuna hela ya utalii. Ila mnyama ambaye kundi zima linaweza kufutika kwa mafua ya mtalii mmoja anahitaji mtu anayesoma kinyesi chake hata wakati ambapo hakuna anayeumwa, na matokeo mengi yawe "hakuna kipya". Hapo ndipo biashara ya kawaida inashindwa, mteja hapendi kulipia "hakuna kipya".

Sio yeye peke yake aliyelifumbua hivi fumbo hili. Marekani kuna Jean Dodds, daktari wa wanyama aliyefanya kazi miaka mingi kwenye idara ya afya ya jimbo la New York akichunguza magonjwa ya damu ya kurithi kwa wanyama, na 1986 akaanzisha Hemopet, benki ya damu ya mbwa huko California. Wachangia damu wake walikuwa mbwa aina ya greyhound waliostaafishwa kwenye mashindano ya mbio, halafu baadaye wanatafutiwa familia za kuwachukua. Kando ya benki kukawa na maabara ya vipimo. Kliniki inayonunua damu tayari iko kwenye simu yako, kumuuzia na kipimo cha tezi ya shingoni ni hatua moja tu. Tena ni mwanamke, tena bidhaa nyingine inabeba maabara. Sidhani ni bahati.

Sasa turudi huku kwetu, maana gorila hatuna na watalii wa Bwindi sio wetu. Tanzania kuna TVLA, wakala wa maabara za veterinari wa serikali toka 2012, makao Temeke na vituo vya kanda, bei zake huwezi kuzishusha zaidi kwa sababu wewe unalipa kodi ya pango na yeye halipi. Kushindana naye kwenye kipimo kilekile kwa mfugaji yuleyule ni kujichosha. Muulize mwenye pesa anayeumia mnyama akiumwa lakini sio mwenye mnyama. Mnunuzi wa maziwa anayekataliwa mzigo kiwandani kwa sababu ya mabaki ya antibayotiki. Mtotolesha vifaranga anayegombana na wateja kila wiki eti vifaranga vyako vina ugonjwa. Kampuni ya chakula cha kuku inayotaka kuthibitisha sumu ya ukungu kwenye mahindi. Bima ya mifugo. Hawa wanalipa kwa mkataba wa mwezi, sio kwa sampuli moja moja, na wanalipia hata jibu la "hakuna kitu" kwa sababu hilo jibu ndio wanalolihitaji kumwonyesha mtu mwingine. Ila wengi wao watakuuliza ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara, ambayo kwa Kenya unaipata KENAS, shirika la ithibati la nchi hiyo, na kwa Tanzania wengi wanapitia SADCAS, shirika la ithibati la nchi za SADC, na hiyo ni miaka na hela, kwa hiyo iwe kwenye mpango toka mwanzo hata kama utaanza na vipimo viwili tu vya kuthibitishwa.

Kuna jambo moja ambalo kisa cha Bwindi hakikufundishi kwa sababu gorila hana mwenyewe wa kukasirika. Sheria ya magonjwa ya wanyama ya Tanzania ya 2003 ina orodha ya magonjwa ambayo ukiyakuta lazima utoe taarifa serikalini, kimeta kikiwemo. Siku moja sampuli ya mteja wako mkubwa, yule wa mkataba wa mwezi, itakuja na kimeta. Ukitoa taarifa shamba linafungwa, ng'ombe hawatoki, na yeye anajua nani kasema. Mkataba wake uandike mapema, kwa maandishi ya wazi, kwamba matokeo ya magonjwa ya kutolewa taarifa yanaenda kwa mkurugenzi wa huduma za mifugo siku hiyohiyo bila kumwomba ruhusa, asaini kabla hajaleta sampuli ya kwanza. Atakayekataa kusaini mwache aende, na kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza weka kabisa kwamba wako watakaokataa.